Gari Likigoma Porini: Kutafuta Ubovu, Kuliganga na Kulitoa

Gari likizimika mbali na barabara, mkono wa dereva hukimbilia ufunguo. Anapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hapo ndipo ubovu mdogo unapozaa mkubwa. Kama injini imemeza maji, stata moja inatosha kupinda konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni. Kama imechemka, kuiwasha tena kunaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kama ni hewa tu iliyoingia kwenye mpira wa dizeli, betri inaisha na sasa una kazi mbili. Kwa hiyo zima kila kitu, vuta breki ya mkono, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu, kisha ondoka kwenye usukani kwa dakika tano.

Dakika hizo zitumie kuhesabu maji. Mtu aliyekaa kivulini kwenye joto kali anahitaji lita 4 hadi 5 za kunywa kwa siku, na anayechimba mchanga au kufungua boliti chini ya gari anahitaji zaidi ya hapo. Tenga ya kunywa kwanza, kinachobaki ndicho cha rejeta. Maji yaliyochanganyika na kulanti (dawa ya rejeta) hayanywewi kamwe: ethilini glaikoli iliyomo ni sumu, na kuyachemsha hakuiondoi. Kisha andika kwenye karatasi mahali ulipo kwa vipimo vya GPS, wakati simu bado ina chaji. Kama jua ni la utosi, kazi ndefu isubiri jioni au alfajiri, chuma kikiwa kimepoa.

Yote yanayofuata ni kuganga, yaani matengenezo ya muda ya kulifikisha gari penye barabara na fundi. Kila mbinu ina kikomo chake cha mwendo na umbali, na anayekisahau kikomo hicho kwa sababu gari "limepona" ndiye hukwama mara ya pili, mahali pabaya zaidi.

Gari lilizimika vipi?

Namna lilivyozimika inakueleza nusu ya ubovu. Likizimika ghafla, kama taa iliyozimwa, anza na umeme: taminali za betri, fyuzi, waya uliochomoka kwa mtikisiko. Likikohoa na kupoteza nguvu kidogo kidogo, hasa mlimani, tafuta kwenye mafuta. Kama mshale wa joto ulipanda kwanza, ni upoezaji. Injini ikinguruma vizuri lakini gari halisogei, au linasogea kwa kugonga, shuka chini ukaangalie klachi, propela (mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kwenye ekseli) na ekseli.

Tumia na pua. Harufu tamu ni kulanti inayovuja. Harufu ya mayai yaliyooza ni betri inayochajiwa kupita kiasi. Harufu kali kama ya karatasi inayoungua ni klachi. Na kama umepita kwenye nyasi ndefu zilizokauka, chungulia kwenye ekzosi kabla ya kitu kingine chochote: nyasi hujisokota juu ya bomba la moto, na magari mengi yameteketea hivyo huku dereva akitafuta ubovu mwingine. Zing'oe kwa fimbo, na kizima moto kiwe karibu.

Injini iliyochemka

Mshale ukianza kupanda, washa hita ya ndani mpaka mwisho na kipulizia chake mpaka mwisho, zima kiyoyozi, geuza gari lipate upepo. Kama mkanda wa feni bado upo na hakuna mvuke unaotoka, acha injini iungurume polepole dakika mbili tatu, kwa kuwa pampu inaendelea kuzungusha maji. Mshale usiposhuka, au ukiona mvuke, zima.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Mfuniko unaoshikilia shinikizo la karibu bar 1 huyafanya maji yafike nyuzi 120 bila kuchemka, na ukiufungua, shinikizo likaanguka, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Subiri nusu saa mpaka dakika 45. Kipimo kizuri ni mpira mnene wa juu wa rejeta: uminye, ukiwa laini na kiganja kinavumilia kukaa juu yake, kunja kitambaa mara kadhaa, zungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza, acha upumue, ndipo uutoe. Mimina maji polepole huku injini ikinguruma. Maji baridi yakimwagwa kwa pupa ndani ya injini yenye moto yanaweza kupasua silinda hedi.

Sasa tafuta chanzo. Rejeta iliyozibwa na mbegu za nyasi au matope ni ya kwanza kukaguliwa, na mara nyingi uchafu umejificha katikati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi ambapo macho hayafiki. Safisha kwa maji au upepo ukitokea upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukisukuma kutoka mbele unaukandamiza zaidi.

Mshale wa joto na taa ya betri vikija pamoja, mkanda umekatika au umelegea. Mkanda mzima ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili hubonyea karibu sentimita 1. Soksi za kike na kamba zinazosifiwa sana hazishiki kwenye mikanda ya kisasa yenye mifereji mingi. Beba mkanda wa akiba, na kabla ya safari jaribu kuufunga kwa vifaa ulivyonavyo.

Mpira uliopasuka karibu na ncha ni kazi ya dakika kumi: kata sehemu mbovu, usukume mbele, funga kibano tena. Ukipasuka katikati, ukaushe, uzungushie utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, ukiuvuta hadi urefuke na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Usipokuwa nao, kata vipande virefu vya tyubu ya tairi na ukaze juu yake kwa waya wa kufungia. Kisha acha mfuniko wa rejeta kwenye kituo cha kwanza ili shinikizo lisijengeke. Hapo maji yatachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo nenda taratibu na usimame mara kwa mara kujaza.

Rejeta yenyewe ikitoboka, ile ya shaba ya zamani ni rahisi: ng'oa mapezi yanayozunguka kijibomba kinachovuja, kikate, kikunje na ukiminye kwa koleo pande zote mbili za tundu. Ya alumini ukiikunja inapasuka, hivyo iparuze kwa tupa au msasa, ikauke kabisa, uweke epoksi ya kukanda. Wanaovunja yai au kumwaga pilipili ndani ya rejeta wanaziba tundu na vijia vyote vya maji kwa pamoja, na bili yake huja baadaye.

Ukikuta mpira wa juu una moto lakini sehemu ya chini ya rejeta ni baridi, huenda themostati imegoma kufunguka. Kwenye injini nyingi unaweza kuitoa ukaendelea bila hiyo. Lakini baadhi ya injini zina themostati yenye vali ya pili inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta na joto linazidi. Lijue hilo kuhusu gari lako kabla hujaondoka nyumbani.

Mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta iliyo wazi, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hilo haligangiki porini.

Injini iliyomeza maji mtoni

Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta kwenye silinda, kitu lazima kipinde, na huwa ni konrodi. Kwa hiyo gari likizima ndani ya maji, livutwe kwanza hadi nje, bila kuguswa ufunguo.

Likiwa nchi kavu, fungua kikasha cha hewa. Chujio likiwa kavu, na bomba lililo nyuma yake likiwa kavu ukilipapasa kwa kidole, pengine umeme tu umelowa. Likiwa limelowa, endelea hivi:

1. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda au oili ikiwa imefanana na maziwa, maji yamefika chini.
2. Toa plagi zote. Kwa dizeli, toa plagi za kupashia moto, au nozeli kama huna njia nyingine.
3. Kwenye petroli, chomoa viunganishi vya waya za umeme vya koili na vya nozeli, kusiwe na cheche wala mafuta.
4. Simama kando ya mashimo, piga stata kwa sekunde tano tano. Maji yatarushwa kwa nguvu. Endelea mpaka kibaki kijivuke.
5. Tia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda, piga stata mara moja tena, rudisha plagi.

Kama oili imeingia maji, usiiwashe bado. Liache gari lilale mahali tambarare usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yale ambayo hayajachanganyika huzama chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Asubuhi legeza boliti ya kumwagia taratibu, yatoke maji kwanza, ukiona oili kaza. Oili iliyokwisha kuwa maziwa kabisa haitajitenga, hiyo inamwagwa yote. Ndiyo maana lita 5 za oili ya akiba hazikosi nafasi kwenye gari. Chujio la karatasi lililolowa nalo libadilishwe. Injini ikiwaka na kugonga kwa mpigo mmoja unaojirudia, zima: konrodi imepinda.

Difu nazo, yaani vikasha vya gia vilivyo kwenye ekseli, zikumbukwe. Difu yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia. Fungua boliti ya kujazia, ingiza kidole: oili ya kijivu au nyeupe ibadilishwe mara ufikapo.

Dizeli yenye hewa au uchafu

Injini ya dizeli inayonguruma vizuri ikiwa imesimama lakini inakata kwenye mzigo, kwa kawaida ina chujio lililoziba. Kwanza legeza skrubu iliyo chini ya chujio, mwaga maji na tope mpaka itoke dizeli safi. Isiposaidia, badilisha chujio. Beba mawili, kwa sababu mafuta yaliyoziba la kwanza bado yako tangini.

Baada ya kubadilisha, au tangi likikauka, hewa hubaki ndani. Legeza skrubu ya kutolea hewa mzunguko mmoja, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, tazama mapovu yakitoka. Yakiisha na dizeli ikatoka nzima nzima, kaza skrubu, endelea kubonyeza mpaka pampu iwe ngumu. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mitambo unaweza pia kulegeza nati za nozeli mbili mbili huku mwenzio akipiga stata, na kuzikaza dizeli inaporuka. Usifanye hivyo hata siku moja kwenye dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja. Shinikizo lake linapita bar 1,000. Mchirizi mwembamba hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, jambo linaloweza kumaliza mkono.

Hewa ikirudi kila baada ya muda, kuna mpira wenye ufa unaovuta hewa bila kudondosha tone. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya chujio, utaona mapovu yakipita, kisha rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea tangini.

Tangi lililotobolewa na jiwe huzibwa kwa kusugua kipande cha sabuni kavu ya kufulia kwenye ufa mpaka ijae. Sabuni haiyeyuki haraka kwenye mafuta, nayo hushika hata palipolowa, mahali ambapo epoksi inakataa.

Umeme

Stata ikitoa "tik" moja na taa zikafifia, shika taminali za betri uzitikise. Ikizunguka hata kidogo, imepatikana. Zikwangue mpaka zing'ae, zikaze. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imepumzika, na injini ikiwaka inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo altaneta haichaji, na unaendesha kwa akiba tu: zima taa, kiyoyozi na redio. Taminali zikiwa safi na stata bado kimya, angalia waya mnene unaounganisha injini na chasisi; hukatika kwa mtikisiko, na kebo ya kuchajia kutoka taminali hasi hadi kwenye chuma cha injini huuziba mwanya huo.

Gari la gia za mkono huweza kusukumwa liwake kwa gia ya pili. La gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Chini ya gari

Kabla ya kulala chini: jeki peke yake haitoshi. Ikae juu ya ubao mnene wa karibu sentimita 30 kwa 30, la sivyo inazama mchangani, na tairi la akiba lilazwe chini ya chasisi ili gari likianguka liangukie hapo.

Gurudumu la nyuma likionekana limerudi nyuma ndani ya bodi yake, boliti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imeteleza. Chanzo ni boliti za U zilizolegea. Zikikazwa vizuri, msuguano wao ndio unaoishika ekseli. Inua chasisi mpaka springi ipumzike, legeza nati nne za boliti za U, ondoa boliti iliyokatika ukiwa umebana majani ya springi kwa kibano kikubwa, ingiza mpya. Kichwa chake lazima kizame kwenye tundu la ekseli, na huko ndiko kazi ilipo: mmoja asukume gurudumu kwa mtaimbo, mwingine achungulie tundu, mpaka kichwa kidumbukie. Kaza nati kwa mshazari, zidi kidogo kidogo, na uzikaze tena baada ya kilomita chache.

Jani kuu likivunjika, funga gogo kati ya ekseli na chasisi, kisha zungusha mnyororo au mkanda wa kukazia kutoka ekseli hadi kishikio cha mbele cha springi ili ekseli isirudi nyuma. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa.

Propela inayogonga kila unapoondoka ina krosi (kiungo chake kinachojipinda) iliyokwisha. Ukiiacha ikatike yenyewe inaweza kupiga tangi, mabomba ya breki, hata sakafu. Kama ni ya nyuma, weka alama kwenye flanji zote mbili, fungua boliti nne kila upande, itoe, ingiza mvuto wa magurudumu yote manne na uende kwa ekseli ya mbele. Magari yanayovuta kwa manne muda wote lazima difu ya katikati ifungwe. Kama ncha ya propela imechomekwa ndani ya giaboksi bila flanji, oili itamwagika. Ziba kwa mfuko mnene wa plastiki uliofungwa kwa vipande vya tyubu. Kuna magari ambayo breki ya mkono hushika kwenye propela, hivyo baada ya kuitoa tegemea mawe chini ya magurudumu.

Bomba la breki likikatika, likate pasipopasuka, likunje mara mbili na kulipondaponda kwa nyundo mpaka lisipitishe, jaza mafuta ya breki, toa hewa. Utabaki na breki pungufu zinazovuta upande mmoja, basi tumia gia nzito (zile za chini za 4x4) na mwendo wa mtu anayetembea.

Klachi ikikataa kuachia, zima injini, weka gia nzito ya kwanza, piga stata: gari litaondoka na injini itawaka humo humo. Baadhi ya magari hayapigi stata bila pedali kukanyagwa mpaka chini, basi ikanyage tu.

Kwa tairi, tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga huzibwa kwa utambi na gundi. Ubavu uliochanika hauzibwi. Tumia la akiba. Tairi likitoka kwenye ringi, paka sabuni, toa kijiti cha valvu, zungusha mkanda wa kukazia katikati ya tairi, ukaze mpaka kingo zitanuke, ndipo upulize. Kulipua kwa petroli na kiberiti kunavunja watu mikono. Kwenye mchanga upepo wa PSI 15 hadi 18 hutosha, ila chini ya 15 ukikata kona kwa kasi tairi linatoka kwenye ringi.

Kuvutwa, au kukaa

Kamba ifungwe kwenye ndoano za chasisi zilizotengenezwa kwa kuvutia. Usiifunge kwenye tufe la kuvutia trela: likikatika huruka kama risasi na limeua watu. Kila aliye nje asimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na tupia koti zito au mkeka wa gari katikati yake. Ufunguo uwe umefunguliwa ili usukani usijifunge. Injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki itakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, kwa hiyo ikanyage kwa mguu mzima. Gari la otomatiki livutwe likiwa na kigawa nguvu (giaboksi ndogo ya 4x4) kwenye nutro, au propela zikiwa zimetolewa. Vinginevyo giaboksi inazunguka bila oili.

Kama hakuna wa kuvuta na kuganga kumeshindikana, kaa na gari. Lina kivuli, lina kioo cha kumulikia, na huonekana kwa urahisi kuliko mtu anayetembea. Inua boneti, tandika kitu chenye rangi kali juu ya paa. Vitu vitatu vya aina moja ni ishara ya dhiki inayojulikana duniani kote: mioto mitatu, filimbi tatu, honi tatu. Tairi la akiba lililotolewa upepo, likichomwa mbali na gari na mbali na nyasi, hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali mchana. Simu iwe imezimwa, iwashwe kwa saa maalumu, na tuma ujumbe mfupi kwa sababu hupenya pale ambapo sauti haipiti. Ikilazimu kabisa mtu kuondoka, mfano barabara ikiwa inaonekana kwa macho, aache karatasi nyuma ya kioo cha mbele: majina, tarehe na saa ya kuondoka, uelekeo, idadi ya lita za maji alizobeba, na waliobaki ni wangapi.